Kiki Moja ya Shangazi

"Mimi na pikipiki yangu ni kiki moja tu. Siku mtakaposikia nimepiga ya pili, kaka yangu huyu hapa, njoo uchukue ufunguo, na mimi nitakaa barazani nichambue maharage kama wanawake wenye akili zao."

Maneno hayo Shangazi aliyasema kwenye harusi ya dada yangu, kipaza sauti mkononi, alipopewa nafasi ya kuwausia maharusi. Watu walikuwa wamekaa mkao wa kusikia habari za subira na kuvumiliana. Wakapata habari za pikipiki. Aliisifia tangu tairi la mbele mpaka taa ya nyuma, akamalizia na hiyo kiki moja, yaani ule mkanyago wa mguu wa kuwashia injini, akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti chake na kwenda kukaa. Bwana harusi alibaki anatazama huku na huku, kama anauliza ndoa yenyewe inaingilia wapi.

Baba yangu, ambaye ndiye huyo kaka, alikuwa meza ya mbele. Hakucheka. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema bila kipaza sauti, na ukumbi mzima ukamsikia: "Nimesikia. Na hawa wote ni mashahidi."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Walidhani ni utani wa ndugu. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Sasa, kumweleza Shangazi lazima uanze na pikipiki, maana hata yeye akijitambulisha kwa mgeni huanza nayo. Ni ile ya zamani, tu-stroki, yenye tangi jekundu na kiti kirefu. Injini yake haiwekewi oili mahali pake kama hizi za leo. Oili unaichanganya na petroli humo humo kwenye tangi, vinaungua pamoja, na moshi unaotoka ni wa buluu. Mtoto wa mtaa wetu aliijua harufu ya moshi ule kabla hajaijua harufu ya darasa. Na wala haingurumi. Inapiga kelele nyembamba, kali, mfululizo, kama mtu anayegonga sufuria kwa hasira na hana mpango wa kusamehe. Ni kwa moshi huo watu wakamwita Shangazi Bi Buluu, na jina likamganda kuliko la kuzaliwa.

Vijana wa pikipiki wanaokaa pale kona walikuwa wanaihusudu kupita kiasi. Wao wana pikipiki mpya, zinazowaka kwa kubonyeza kidude, zisizo na moshi wala historia. Ikipita ya Shangazi, wote shingo zinageuka pamoja kama kuku wamesikia kengele ya chakula. Kiongozi wao anaitwa Breki, jina alilopewa kwa sababu pikipiki yake haina. Breki alikuwa tayari kumpa Shangazi pikipiki yake, simu yake, na nadhani hata mchumba wake, apewe ile tu-stroki. Shangazi alimjibu kwamba mchumba angemchukua, apate mtu wa kumwoshea trei.

Aliyeinunua ni mumewe, enzi ambazo kijana asiye na pikipiki ya namna ile alihesabiwa hana miguu. Alimpakia Shangazi kwenye hiyo hiyo mpaka nyumbani, akamwoa. Halafu akasema anakwenda nje kutafuta maisha. Nadhani aliyapata, maana hakurudi. Aliacha pikipiki chini ya turubai na ahadi juu ya meza. Shangazi wakati huo alikuwa anapima chakula cha kuku kwenye duka la mtu, mavumbi ya pumba mpaka kwenye kope. Aliingoja ahadi mpaka akachoka, siku moja akafunua turubai.

Alijifunza mwenyewe kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo. Alianguka sana. Inasemekana mlinzi wa shule ile mwanzoni alikuwa anamkimbilia kumwinua, baadaye akawa analeta kiti na kukaa kutazama, mwisho akawa anawaalika jamaa zake. Lakini aliyeanguka ndiye aliyekuja kuwapelekea mayai watu wa nusu ya mji: waoka mikate, mahoteli madogo, wanafunzi wa mabwenini, na mtu yeyote mwenye kikaango. Trei moja shilingi elfu tisa, mpaka mlangoni, na bei hiyo hakuipandisha hata wakati kuku wenyewe walikuwa wanalalamika.

Siri za kazi yake zilikuwa mbili. Ya kwanza, trei hakuzifunga kwa kamba. Alichukua mipira ya ndani ya baiskeli, akaikata vipande virefu, akavizungusha kwenye mnara wa trei mpaka ukawa kitu kimoja na pikipiki. Kamba inabana, alikuwa akisema, mpira unakumbatia. Ya pili ndiyo yenyewe. Kila akifika kwenye tuta au shimo, alinyanyuka kidogo kutoka kwenye kiti, akasimama kwenye vikanyagio, magoti yamelikaba tangi, na pikipiki ikaruka chini yake yeye akiwa ametulia kama maji ya mtungi. Rangi ya tangi pande zote mbili ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, mahali magoti yalipokaa miaka yote hiyo.

"Mayai hayabebwi na pikipiki," alinifundisha. "Yanabebwa na magoti. Hata hiyo diploma uliyoiacha katikati ingebebwa na magoti isingezima njiani."

Na asubuhi palikuwa na ibada. Anafungua petroli. Anakanyaga mtambo wa kiki taratibu, mpaka mguu usikie pale pistoni inapogoma. Anavuta pumzi. Kisha mguu wa kulia unashuka mara moja, wote, kwa uzito wa mwili mzima, na injini inaitikia. Kama pikipiki ya kijana yeyote wa kona ilikuwa imegoma na wenzake wanaisukuma, Shangazi alipita pole pole, akauliza wanauza nini kwenye hilo toroli. Kwake yeye, pikipiki ya kusukumwa ni toroli, haina jina lingine.

Baba hakuipenda hata siku moja. Baba ni mstaafu wa idara ya maji, mtu anayepiga pasi hadi shati la kulalia. Tunaishi kwenye uwanja mmoja: sisi nyumba ya mbele, Shangazi chumba cha uani na stoo ya mayai. Kila mwaka Baba alimwomba aiache ile pikipiki; kila mwaka Shangazi alimwomba aiache ile pasi. Baada ya harusi, Baba alihamisha kiti chake cha plastiki kutoka barazani akakiweka ukutani, uani, nyuma kabisa ya mahali pikipiki inapolala. Kila asubuhi anakaa pale na gazeti. Shangazi anapiga kiki, injini inawaka, Baba anasema "Moja," anageuza ukurasa. Kesho yake tena, moja, anageuza ukurasa. Nikaanza kuamini mzee anasoma gazeti kwa kiki.

Jambo ambalo sikuliona ni kwamba Shangazi alishaacha kusimama kwenye matuta. Alikuwa anayapita amekaa, taratibu mno, na trei zilikuwa zinapungua urefu. Nilidhani ni biashara. Sikujua pia kwamba alikuwa akipitia kwa fundi wake mara kwa mara, na fundi huyo, anayeitwa Koleo kwa sababu hutumia koleo hata pale panapohitaji akili, alikuwa kila akimwona anaangalia chini.

Siku ya siku ilikuwa asubuhi njema, jua halijakolea. Mwoka mikate, mteja wake mkubwa kuliko wote, alikuwa na oda nene ya keki za shule, kwa hiyo mnara wa trei siku hiyo ulirudi urefu wake wa zamani. Mimi nilikuwa nimeshika geti. Breki na vijana wake wawili watatu walikuwa wamesimama nje, kama kawaida, kuja kuisikia ikiwaka kabla ya kwenda kazini. Baba kwenye kiti chake ukutani, shati jeupe, mikunjo ya pasi unaweza kukatia mkate.

Shangazi akafungua petroli. Akautafuta ule mgomo wa pistoni. Akavuta pumzi, na nakumbuka aliivuta kwa muda mrefu. Kisha akapiga.

Kiki ile ilikuwa ya kunong'ona. Mguu ulishuka nusu, ukasita, na mtambo ukaurudisha juu kwa nguvu kama mlango uliopigwa teke kutoka ndani. Injini ikakohoa. Kisha ikawaka. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa nzito, ya kubanwa, kama mtu anayezungumza amejifunika blanketi. Breki aliinamisha kichwa upande. Mimi nilishukuru tu kwamba imewaka.

"Moja," alisema Baba, akageuza ukurasa.

Shangazi akaingiza gia ya kwanza. Akainua kidevu, macho kwenye geti, macho kwangu mimi, akaachia klachi.

Pikipiki ikaenda nyuma.

Naomba nirudie, kwa sababu hata sasa nikiandika mkono unasita. Haikuteleza. Haikusukumwa na mtu. Uwanja ni tambarare. Ilikuwa kwenye gia ya kwanza, dereva anatazama mbele, na ikaondoka kurudi nyuma kwa nguvu zake yenyewe, kama imekumbuka kitu chumbani. Pikipiki haina gia ya nyuma. Mtoto mchanga anajua. Nilikuwa nimefungua geti kabisa, nimesogea pembeni na mkono nimeunyoosha kama askari wa barabarani, nampisha mtu anayezidi kwenda mbali nami.

Na Shangazi, kwa vile amezoea pikipiki isiyokwenda mbele kuiongezea mafuta, akaiongezea mafuta.

Baba aliiona. Hilo ndilo linaloniuma: aliiona vizuri kabisa. Lakini mtu hukimbia jambo analolijua. Gari likija utaruka, mbwa akija utaruka. Pikipiki inayokuja kinyumenyume, ikitanguliza mnara wa mayai, hiyo mtu anaitazama kwanza ili aielewe. Baba alishusha gazeti, akarekebisha miwani, na kabla hajapata maelezo ya kuridhisha, mnara ukamfikia.

Sauti ya mayai mengi kupasuka kwa pamoja si kubwa kama unavyodhani. Ni kama mtu mnene amekaa kwenye majani makavu. Kiti kilikunjika mguu, Baba akateremka nacho ukutani hadi chini, pikipiki ikalala ubavu, injini ikazima, Shangazi akiwa upande wa pili.

Nimewahi kuona vijana wa kona wakicheka mazishi ya paka. Siku ile hakuna aliyecheka. Breki alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, na ute wa yai ulimrukia kwenye kofia wala hakuupangusa. Mimi bado nilikuwa nimenyoosha mkono. Baba alikuwa amekaa chini, miguu mbele kama mtoto, njano imemwagika kutoka utosini, ikafuata mikunjo yote ya pasi mmoja baada ya mwingine mpaka kiunoni. Mapajani mwake, Mungu ndiye ajuaye kwa nini, palibaki yai moja zima. Alilitazama. Sote tulilitazama.

Aliyezungumza kwanza ni Baba, na hakuzungumzia mayai. "Mbona hainuki?"

Shangazi alikuwa hajainuka. Alikuwa amekaa pale alipoangukia, mkono mmoja umeshika goti la kulia, na suruali ilikuwa imechanika kutoka pajani kushuka. Nilimfikia mimi kwanza. Chini ya suruali hapakuwa na ngozi. Palikuwa na mpira. Vile vipande vya mpira wa baiskeli, vyeusi, vimezungushwa kwenye goti kwa ufundi ule ule wa kufungia trei, tabaka juu ya tabaka. Nilianza kuvifungua, na kila nilipofungua kimoja goti likawa linapanuka. Lilipomalizika kufunguliwa halikuwa na umbo la goti tena. Lilikuwa limevimba, linang'aa, mistari ya mpira imechimba ndani yake kama nyayo za tairi kwenye tope. Breki alitazama mara moja akageukia ukuta.

Mimi nilishafikiri nimemaliza kushangaa siku hiyo. Nilikuwa sijaanza.

Baba alijivuta, akafika, akachuchumaa na mayai yake. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi," alisema Shangazi.

Nilihisi kama nimepigwa kibao na mtu nisiyemwona. Kabla ya harusi. Kumbe siku ile, na kipaza sauti mkononi, akijisifu mbele ya ukumbi mzima habari za kiki moja, mguu wa kupigia hiyo kiki ulikuwa tayari umekufa ndani ya gauni la sherehe.

Alieleza kwa ufupi, bila kumtazama mtu. Alishaona Baba ameanza kumchunguza anavyochechemea. Alijua siku si nyingi ataudai ufunguo, na safari hii angekuwa na sababu. Akaamua amwekee sharti yeye mwenyewe kabla hajawekewa, na alichagua lile alilodhani ataliweza mpaka mwisho. Kila asubuhi kiki moja mbele ya kaka; njiani hakuna anayehesabu. Mtu mzima hawezi kushindwa kukanyaga kitu vizuri mara moja kwa siku.

"Ungeniambia," alisema Baba.

"Ungenipeleka hospitali halafu ungeiuza."

Baba hakukataa. Alifuta njano kwenye nyusi, na sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia kwake. "Mimi ndiye mkubwa. Zamu ya kuondoka ni yangu kwanza. Usinirukie foleni."

Hapo ndipo Koleo alipoingia, ameitwa na vijana. Aliiona pikipiki, akamwona Baba, akamwona Shangazi, akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Alisema alimkatalia mara tatu. Shangazi alimfuata akimwomba amsogezee cheche, yaani ule moto wa plagi uwahi kuwaka, ili injini iitike hata kwa mguu mwepesi. Kila goti lilipozidi, alirudi kuomba isogezwe tena kidogo. Mwisho ikawa inawahi mno. Mguu wenye nguvu ungeipita hiyo cheche. Mguu wa siku ile uliishia katikati, cheche ikawaka pistoni bado inapanda, ikairudisha ilikotoka, na injini ikaendelea na safari kwa upande huo huo.

"Tu-stroki haina ubaguzi," alisema Koleo, anakunjakunja kofia. "Ukiiwasha kwenda mbele inawaka, ukiiwasha kurudi nyuma inawaka vilevile, na haikuambii. Nilishasikia wazee wakisimulia. Kuona, ndiyo leo."

Breki sasa alikuwa amepata sauti yake. Alivua kofia yenye yai, akasogea mbele ya Baba kwa heshima zote. "Samahani, Mzee. Kwa haki, iliwaka kwa kiki moja. Nami nilikuwepo ukumbini, nilikuwa nabeba viti. Yale maneno hayakutaja upande."

Baba aliwaza. Nawaambia kweli, mtu yule alikaa na maganda kwenye masikio, akalipima jambo lile kama vile yuko ofisini. "Ni kweli," alisema mwisho. "Ilikuwa moja. Nilihesabu mwenyewe. Ufunguo ni wake."

Vijana wakapumua. Mimi nikapumua. Na Shangazi, pale pale chini, akanyoosha mkono, akauchomoa ufunguo kwenye pikipiki iliyolala, akauweka kwenye kiganja cha Baba, ute na maganda na yote.

"Kiki ilikuwa moja," alisema, "lakini haikuwa yangu. Ilikuwa ya Koleo. Chukua, kaka."

Sijui nieleze vipi. Nimemjua yule mama tangu nikiwa nabebwa. Sijawahi kumwona akirudisha hata ufagio alioazima.

Hospitali walisema gegedu, ule mto laini wa ndani ya goti, limelika. Atatembea, atakunja na kukunjua, atakaa juu ya chochote anachotaka, lakini mguu ule usikanyage kitu kwa nguvu tena. Daktari alimuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Akajibu: kuchambua maharage.

Na alichambua kweli. Neno lake lilikuwa neno. Kila asubuhi alikaa barazani, sinia mapajani, akachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa dukani. Akimaliza anayachanganya, anaanza upya. Uwanja ulikuwa kimya hata jogoo wa jirani akawa anawika kwa aibu. Baba aliendelea kukaa na gazeti, kwenye kiti kingine, lakini sikumsikia akigeuza ukurasa. Vijana wa kona walikuwa wakipita getini pole pole, injini zimebanwa, kama wanapita msibani. Breki alikuja na bei ya heshima, akamweleza Baba kwa kuzungukazunguka kwamba kama pikipiki inauzwa, yupo. Nilingoja Baba aruke kwa furaha. Si ndiyo alichokuwa anakiomba kila mwaka? Baba alimwambia kwamba mtunza ufunguo hauzi kitu cha mwenyewe, akamkaribisha chai, akamtoa nje.

Kisha akaja mwoka mikate. Alikuja mwenyewe, unga mpaka viwiko, ameacha joko na watu. Tangu Shangazi aache, mayai analetewa na kijana mmoja wa mtaa wa pili, na kijana yule hajui tuta ni nini. "Bi Buluu, mayai yananifikia yameshapigwa," alisema. "Kilichobaki nitie sukari."

Shangazi hakuinua macho kwenye sinia. "Mwambie asimame kwenye vikanyagio."

"Nimemwambia. Anasimama yeye, mayai yanakaa."

Niliona mikono ya Shangazi imeacha kuchambua. Ilikuwa imelala tu juu ya maharage. Mwoka mikate akamgeukia Baba, kama vile watu wanavyomgeukia mkubwa wa nyumba kunapokuwa na jambo lisilo na jibu. Baba alikunja gazeti mara mbili, akalikunja mara ya tatu.

"Kesho asubuhi yatakufikia," alisema. "Mazima."

Mimi na Shangazi tulitazamana. Tulidhani mzee amechanganyikiwa, labda yale mayai yalimwingia masikioni.

Asubuhi yake nilimkuta uani, kavaa shati lililopigwa pasi, suruali ya ofisini na viatu vya kamba, vile vya kustaafia, vimepakwa rangi. Koleo alikuwepo tangu alfajiri. Cheche ilikuwa imerudishwa mahali pake, na chini ya trei amelaza kipande kinene cha godoro, kifanye kazi ya magoti. Baba aliutoa ufunguo mfukoni mwake, akauingiza mwenyewe, akauzungusha. Geti lilikuwa wazi. Nje ya geti barabara yetu inateremka.

"Panda," alimwambia Shangazi.

Shangazi alisimama na fimbo yake, akatazama pikipiki, akamtazama kaka yake aliyekwenda kusimama nyuma ya trei, mikono imeshika chuma cha kubebea mizigo. Akaelewa. Alitikisa kichwa. "Kaka, pikipiki ya kusukumwa ni toroli."

"Ufunguo ni wangu," alisema Baba. "Naamua mwenyewe itawaka vipi. Panda, jua linapanda."

Akapanda. Akakamata klachi, akaingiza gia ya pili kama Koleo alivyomwelekeza, ingawa alimwambia Koleo anyamaze, alikuwa anajua kabla yeye hajaota meno. Na Baba akasukuma.

Baba yangu hakimbii. Hakukimbia mvua, hakukimbia mbwa, hakukimbia pikipiki kinyumenyume. Siku ile alikimbia. Alitoka getini ameinama, viatu vya ofisini vinapiga lami, kola imemsimama, akapita vijana wa kona ambao walisimama wote kwa pamoja bila mtu kuwaambia. Kwenye mteremko Shangazi akaachia klachi. Injini ikakohoa mara moja, ikashika, ile sauti yenyewe, nyembamba, kali, isiyosamehe, na pikipiki ikaenda mbele. Mbele! Nilijikuta nimeshika kichwa kama Breki. Moshi wa buluu ukammeza Baba mzima mzima. Ulipopungua alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono bado imenyooka mbele, anakohoa, machozi yanamtoka, sijui ni ya moshi.

"Moja," alisema.

Breki hakuweza kujizuia. Shangazi alipogeuza chini na kupita tena kona akielekea kwa mwoka mikate, akamwuliza kwa sauti toroli linauza nini leo.

"Toroli lako linasukumwa na wenye njaa," alimjibu bila kupunguza mwendo. "Langu linasukumwa na mstaafu wa serikali."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Jioni anamrudishia Baba ufunguo, mkononi, bila neno. Asubuhi Baba anavaa viatu, anasukuma, anahesabu. Majirani wameshazoea; wapo wanaorekebisha saa zao kwa kikohozi chake. Mimi peke yangu ndiye sijazoea. Kila nikiona yule mzee anatoka getini kwa mbio nyuma ya mayai, mdomo unabaki wazi kama siku ya kwanza.

Njiani Shangazi hana wa kumsukuma. Kwa hiyo ameijua miteremko ya mji mzima, na penye mteremko ndipo anapoegesha. Pasipo na mteremko hazimi injini. Anateremsha trei pikipiki ikiwa inapiga kelele na moshi unaingia kwa mteja mpaka jikoni. Hiyo petroli ya ziada ameiweka kwenye bei. Trei moja, mpaka mlangoni, ni elfu tisa na mia tano.